Diski Mbili kwenye Utepe Mmoja

Siku ile diski ya pili ilipowekwa kwenye kompyuta ya duka, mimi ndiye nilishika tochi. Fundi alitaka mtu wa kummulikia. Msichana wa kompyuta hakutaka kuchafua mikono, na mwenye duka alikuwa mbele na wateja. Mimi nilikuwa nimemaliza kupiga deki. Nikaambiwa, Mama, weka ndoo chini, kuja ushike hii. Nikashika.

Duka lilikuwa la mbegu, mbolea na dawa ya ng'ombe, hapa Eldoret mjini. Kazi yangu ilikuwa usafi na chai. Shule nilienda kidogo, nikajua kusoma jina langu na Biblia pole pole, halafu nikaolewa. Mwenye duka alikuwa mzee wa kanisa kutoka upande wa kati, mtu aliyeanza na mkokoteni na sasa analala Elgon View kwa matajiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutotupa kitu. Hata kompyuta yenyewe aliichukua kwa wazungu wa shamba moja waliokuwa wanarudi kwao, na ilikuwa imeshageuka rangi ikawa kama meno ya mvuta sigara.

Ndani ya hiyo mashine kulikuwa na majina ya wakulima wote, wa Moiben, wa Kaptagat, wa kila mahali, na mbegu ambayo kila mmoja alipanda mwaka uliopita. Mkulima anaingia na gumboti zake, anasema anataka ile ile ya juzi, na msichana anapiga taipu kidogo anamwambia ni gani. Watu walikuwa wanapenda hiyo sana. Mashine ikianza kutafuta, kitu ndani yake kilikuwa kinagonga, ko-ko-ko, kama kuku anayedonoa bati. Hiyo ndiyo ilikuwa diski, ndipo majina yalipokaa. Na sasa ilikuwa imejaa. Msichana akiongeza mkulima mmoja, mashine inakataa mpaka afute mwingine, na mwenye duka hakutaka mkulima yeyote afutwe, hata waliokufa.

Ndiyo akaitwa fundi kutoka Nakuru. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mnadani. Alisikiliza mashine ikigonga, akasimama katikati ya duka, watu wamejaa kaunta, akasema kwa nguvu kwamba ya kwanza imechoka, haina nafasi tena, na dawa ni moja tu, kuongeza ya pili.

Watu kaunta waligeuka kuangalia mlango. Mmoja alichukua kofia yake akatoka bila mbegu. Nyinyi wa siku hizi hamwezi kuelewa, lakini miaka ile chama kilikuwa kimoja, picha ya Rais iko juu ya ukuta inatuangalia, na kulikuwa na watu walioanza kunong'ona habari ya kuongeza cha pili, na walionong'ona walikuwa wanapotea. Mwenye duka alimshika fundi mkono akamwingiza ofisi ya nyuma kwenye mashine, mimi na msichana nyuma yao, akafunga mlango.

"Sema diski," akamwambia. "Kila mara sema diski ya pili. Usiseme ya pili peke yake kwangu."

Msichana wa kompyuta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Wiki hiyo nilikuwa na ya pili yangu nyumbani.

Tulikuwa tunakaa Langas, vyumba viwili vya mabati, cha nje na cha ndani. Mzee wangu alikuwa kiwanda cha vitambaa. Tulitoka naye magharibi tukiwa bado wapya kwa ndoa, tukazaa, mkubwa wetu akaolewa, tukabaki na kijana wetu, kitinda mimba, aliyekuwa anasoma shule ya hapo hapo mtaani. Siku moja mzee wangu alirudi kutoka kazini, akakaa kitandani akaanza kufungua kamba za viatu, na akiwa ameinama hivyo hivyo akaniambia kuna msichana. Ni wa kwetu nyumbani. Ana mimba. Atamleta Jumamosi.

Nilichukua viatu nikaviweka nje, maana vilikuwa na matope.

Kwetu kuna desturi. Mke wa pili akiletwa, mke mkubwa ndiye anayempokea mlangoni na kikombe cha maji. Asipompokea, huyo msichana hana jina katika hiyo nyumba, na mtoto wake hivyo hivyo, hata baba yake afanye nini. Kwa hivyo mzee wangu alihitaji mkono wangu, na alijua. Alikuwa mpole wiki hiyo yote. Alileta sukari bila kutumwa. Na kila mara alirudia neno moja. "Wewe ndiye mkubwa," alikuwa anasema. "Hiyo hakuna mtu anaweza kukutoa."

Mimi hilo neno nililishika. Nilikuwa nalitembeza kichwani nikipanda kwenda kazini, nikishuka kurudi. Nilijiambia, basi aje, akae chumba cha nje na mtoto wake, mimi ni mkubwa, hiyo ni kitu cha Mungu, ni kama kuzaliwa wa kwanza. Nilikuwa karibu kukubali kwa moyo. Dukani hakuna aliyejua. Sikuwa mtu wa kupeleka mambo ya nyumba yangu mahali ninapolipwa kupiga deki.

Fundi alivua sweta kwanza. Alisema sweta ya sufu ina umeme wake na unaweza kuua diski bila wewe kuona. Kulikuwa na baridi ile ya Eldoret ya asubuhi, na alibaki na shati anatetemeka, nikamwona kuwa mtu anayeheshimu kazi yake. Akafungua skurubu za nyuma, akavuta kifuniko. Ndani kulikuwa na pumba ya mahindi kila mahali, imekaa kama godoro, maana duka lilikuwa linauza chakula cha kuku pia. Alitumia pampu ya baiskeli kuipuliza. Tulikohoa wote watatu.

Halafu nikaiona. Nilikuwa nimeisikia ikigonga miaka, sasa nikaona sura yake: kisanduku cha chuma, kizito, kama tofali ndogo. Ilikuwa imefungwa kwa skurubu upande mmoja. Nyuma yake kulikuwa na waya mnene wa stima na utepe mpana wa kijivu wenye mstari mwekundu ukingoni. Fundi akaniambia majina yote yanapita kwenye huo utepe. Diski mpya akaitoa kwenye mfuko unaong'aa. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, haina hata vumbi.

Akaifunga chini ya ile ya zamani. Utepe ulikuwa na mdomo mwingine katikati, tupu, kama ulikuwa unangoja. Akauchomeka kwa mpya. Akatafuta waya mwingine wa stima, akauchomeka. Akasema, haya, washa.

Msichana akawasha. Taa ya mbele iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kilikaa cheusi. Hakuna kugonga, hakuna maandishi. Wakazima, wakawasha tena. Giza lile lile. Msichana akaanza kulia kidogo kwa sababu alifikiri wakulima wote wameenda.

Fundi alijipiga kwenye paji la uso. Alisema amesahau kitu cha kwanza kabisa. Akazima, akachomoa, akageuza diski mpya, akaniambia nilete mwanga hapo nyuma. Kulikuwa na misumari midogo, mifupi, imesimama kwa mistari miwili, na kikofia kidogo cha plastiki kimefunika miwili yao. Kidogo kama punje ya mtama.

Alituelezea. Diski mbili zikikaa kwenye utepe mmoja, lazima moja iwe bwana na nyingine iwe mtumwa. Bwana ndiye mashine inamwamkia asubuhi, ndiye anaianzisha. Hiyo mpya imetoka kiwandani imevaa kikofia cha bwana, na ya zamani pia ni bwana siku zote, kwa hivyo mashine ikiita, zote mbili zinaitika pamoja, na mashine haijui imsikilize nani. Inanyamaza.

Mwenye duka alikuwa ameingia kuangalia, akasema hapendi hilo neno la mtumwa ndani ya duka lake, yeye ni mtu wa kanisa.

Msichana alikuwa amefuta machozi. Akasema, "Basi si ni bibi mkubwa na bibi mdogo tu?"

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. Alisema toka aanze hii kazi hajasikia ikielezwa vizuri hivyo. "Ni hiyo kabisa," akasema. "Nyumba moja, bibi wakubwa wawili, kesho utakula wapi?" Hata mwenye duka alicheka. Kutoka hapo ikawa ndiyo lugha. Lete mkubwa, geuza mdogo. Mimi nilikuwa nimeshika tochi.

Fundi akaanza kukivuta kile kikofia cha ile mpya kwa ukucha, ndiyo aifanye mdogo. Lakini mwenye duka akamwuliza, kati ya hizi mbili ni gani ina mbio. Fundi akasema ni mpya, hakuna hata kulinganisha. Na gani ina nafasi? Ni mpya.

"Basi kwa nini hii mzee ndiyo iwe mkubwa?" mwenye duka akauliza. "Weka mpya mkubwa. Hii ya zamani ibaki ya kuweka wale wa zamani."

Fundi alifikiria, akasema inawezekana, tena ndiyo vizuri, ni kazi zaidi tu. Itabidi ile mpya ifundishwe kwanza kuamsha mashine, na majina yahamishwe. Akairudishia mpya kikofia chake pale pale kilipokuwa. Akageuza ya zamani. Misumari yake ilikuwa imeshika kutu kidogo. Akavuta kikofia chake kwa ukucha, akakisogeza msumari mmoja kando. Hakikupiga kelele hata kidogo.

"Mama, mwanga," akaniambia.

Tochi ilikuwa imeshuka. Niliiinua.

Sikuwa na kawaida ya kuuliza maswali ya mashine. Lakini niliuliza, "Na ile ya zamani haitaharibika ikifanywa mdogo?"

"Haitajua, Mama," akasema. Alikuwa ameshaanza kukaza skurubu, hakuniangalia. "Diski haijui kama ni mkubwa ama mdogo. Ni kofia tu. Ile unayoivika ndiyo inakuwa."

Wakawasha. Alikaa hapo mpaka chai ya saa kumi akiifundisha na kuhamisha majina. Mwishowe ilivyowashwa iliamka haraka, bila kelele, msichana akapiga makofi. Halafu akaandika jina la mkulima wa zamani sana ili ajaribu, na kwa chini nikasikia ko-ko-ko. Ilikuwa imeitika.

Nilitembea kurudi Langas kwa miguu. Nilikuwa nikifikiria kile kikofia. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikijiambia hilo jina la mkubwa limeota ndani yangu kama mfupa, na sasa nilikuwa nimeona vile linasogezwa, na mwenye nyumba, na kwa ukucha.

Mzee wangu alikuwa amefika, anakunywa chai kwenye chumba cha nje. Nilikaa mbele yake bila kuvua kitambaa kichwani. Nikamwuliza ni nani atalala chumba cha ndani.

Alizungusha kikombe. Akasema nilikuwa napenda kuharakisha mambo. Nikamwuliza tena.

"Huyu ana mimba," akasema. "Na hivi vyumba ni vidogo. Mimi nimeona hivi. Wewe utaenda nyumbani. Mama yangu amezeeka, boma linataka mtu. Mkubwa ndiye anashika boma, si unajua? Hiyo ni heshima."

Alisema kwa upole kabisa. Alikuwa amepanga zamani. Hata kijana alikuwa ameshaambiwa kwamba atabaki hapo mjini kwa sababu ya shule. Mimi ndiye nilikuwa sijaambiwa.

"Na mkubwa akikataa kwenda?"

"Basi atakuwa mkubwa wa nini?" akaniuliza, na hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli.

Hapo ndipo nilielewa kwamba hakunidanganya wiki hiyo yote. Alikuwa anasema ukweli wake. Mkubwa kwake ilikuwa ni mahali pa kumweka mtu.

Sikupigana. Majirani wa ploti walingoja kusikia kelele, hawakusikia. Siku zilizobaki nilifua nguo za kijana zote, nikashona vifungo vilivyotoka, nikamwonyesha vile jiko linawashwa bila moshi. Aliniuliza kwa nini namwonyesha na yeye anajua. Nikamwambia ajue zaidi. Na nilimwuliza mama mmoja wa kanisani kama kile chumba chake cha kando ya mto bado kiko wazi. Akasema kiko, lakini kina unyevu. Nikasema sawa.

Jumamosi msichana aliletwa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mwenye kiburi. Alikuwa mtoto mtoto, mrefu, amebeba kikapu na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na hakujua pa kuweka macho. Majirani walikuwa wamesimama milangoni na watoto wao viunoni. Mzee wangu alisimama nyuma yake.

Ningeweza kumnyima. Nimeulizwa na wanawake wengi baadaye, hata binti yangu mwenyewe, mbona sikumnyima. Lakini aliyekuwa anakosa jina hapo ni yeye na kile alichobeba tumboni, si mwanamume. Mwanamume angeamka Jumatatu aende kiwandani kama kawaida.

Nilimpa kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa yote. Alikuwa na kiu, walitembea kutoka stendi.

"Asante, Mama," akasema.

"Mimi si mama yako. Ni dada."

"Asante, dada."

Nikapokea kikombe. Nikaingia chumba cha ndani nikatoka na furushi langu la nguo na sufuria, zilikuwa zimefungwa tayari. Mzee wangu alifikiri naelekea stendi ya magharibi, nikaona uso wake umelegea. Alinyosha mkono anisaidie mzigo.

"Niache," nikamwambia. "Naenda kazini."

Msichana alitazama mzigo, akatazama mlango, akaniuliza, "Na mimi, dada, niingie wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidevu. Chumba cha ndani. Nilikuwa nimeshapiga deki.

Huko kando ya mto nilikaa. Chumba kilikuwa na unyevu kweli, blanketi haikuwahi kukauka vizuri, na kwa kifua hiki kinachonisumbua leo nakishukuru hicho chumba. Kijana alikuwa anakuja kila Jumapili, halafu Jumapili moja moja, halafu sikukuu tu. Sikumlaumu. Nyumbani magharibi walisema mimi si mkubwa tena, nimekataa boma. Mama mkwe alipelekewa habari kwamba nilishinda mjini natafuta wanaume. Nilikuwa napiga deki.

Kila asubuhi dukani nilimwona msichana wa kompyuta akiwasha mashine. Ile mpya haikusikika. Ya zamani ilikuwa inagonga mara chache tu, kuonyesha imeamka, kisha inanyamaza siku nzima, maana wakulima wa siku zote walikuwa wameshahamishiwa kwa mpya. Waliobaki kwake walikuwa wale ambao hawaji.

Mtoto wa yule msichana alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa wakati mama yake alikuja dukani. Ilikuwa mapema, nimetoka kubandika chai. Alisimama nje na mtoto mgongoni, na kile kikapu chake, mpaka nikamwona. Nikamwita aingie ofisi ya nyuma. Alikuwa amekonda. Alisema hawezi kukaa, anaenda kushika basi la magharibi, amekuja tu kuniaga kwa sababu ni mimi nilimpokea.

Nikamwuliza anaenda kusalimia nani.

"Nimetumwa boma," akasema. "Mama mkwe hawezi tena kutoka nje. Mzee amesema wewe ulikataa, kwa hivyo sasa mimi ndiye mkubwa. Ati mkubwa ndiye anashika boma. Ati ni heshima."

Alisema akiniangalia usoni, nikaona anataka nimwambie kama ni kweli.

Nikamwuliza ni nani atabaki Langas. Alimsogeza mtoto mgongoni. Akasema kuna mwingine anasemekana, wa hapo kiwandani, lakini yeye hajamwona.

Nilimmiminia chai, nikaongeza maziwa. Wakati huo msichana wa kompyuta aliingia, akatusalimia, akawasha mashine. Ikagonga, ko-ko-ko. Mtoto alishtuka.

"Nini hiyo?" mama yake akauliza.

Nikamwambia ni diski, ya zamani, inakaa huko ndani na nyingine.

"Na bado inafanya kazi?"

"Ikiulizwa," nikasema. "Siku hizi hawaiulizi sana."

Alikunywa chai yote, kama alivyokunywa yale maji. Nilimwambia chumba changu kiko wapi, kando ya mto, mlango wa mwisho, na kina unyevu. Alisema amesikia. Lakini basi lilikuwa linapiga honi stendi, na kikapu alikuwa ameshakiinua, akaenda. Niliosha kikombe nikakirudisha kwa vingine.